Kwa Sifa, Kuhusu Kifua Chako

Sifa mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, nami namjua, hatakuachia upesi. Atakulisha kwanza, kisha atalia, kisha atakulisha tena. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Uisome leo leo, usiitie kwenye valizi ukasema utaisoma ndani ya ndege, maana ukiifungulia kule haitakuwa na kazi tena.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kusali, wala za vijana. Hayo baba yako ameyasema tangu Jumapili mpaka hata kuku wetu wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, na ningelisema kwa mdomo kama ningeweza. Kila nikianza, wewe unacheka, unanishika mabega, unasema, "Maman, usijitese bule." Nami nikishakasirika natoa maneno mengine kabisa, ya nywele zako au ya vyombo ulivyoviacha bila kuosha. Tunagombana kuhusu sufuria, na jambo lenyewe linabaki pale pale. Karatasi angalau haitanishika mabega.

Jambo lenyewe ni ile simu ya Madame profesa, yule wa kule ng'ambo anayekuita kazini.

Ulikuwa umesimama kwenye kona ya nyumba, pale ambapo mtandao unashika, na mimi nilikuwa nachekecha unga wa muhogo upande wa pili wa ukuta. Sikujificha, nilikuwa kazini kwangu. Ulidhani Kifaransa chenu kinanipita juu ya kichwa, lakini nilikaa shuleni kwa masista kabla baba yako hajanitoa, na mambo ya mwili walitufundisha vizuri. Nilimsikia akikuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama umewahi kuwa na shida ya kifua au ya kupumua. Alisema kazi ya juu ya paa usiku wa baridi, na ile ya chupa za gesi, inadai wajue mapema, na kwamba mtu wa namna hiyo huenda wakampangia kazi nyingine. Ukajibu pale pale kwamba hapana, mapafu yako ni mazima. Hukumeza hata mate.

Unga ulinimwagikia miguuni, na jioni ile mlilalamika kwamba bugali ni kidogo. Sasa mnajua sababu yake.

Tangu siku hiyo sina amani. Nafanya kazi, nawajibu watu sokoni, napima mchele, lakini moyo wangu uko juu ya paa la watu nisiowajua. Jana ulipokwenda kuoga nilifungua valizi yako. Ndiyo, nilifungua, na ukitaka kukasirika kasirika. Nilikuwa natafuta ile pampu yako ndogo ya kupulizia, ile unayoivuta kifua kikibana. Nikaikuta imesukumwa ndani kabisa ya kiatu, imefungwa kwa kitambaa. Nikakaa chini kwenye sakafu na kiatu mkononi. Mtu hafichi dawa yake ndani ya kiatu kama mapafu yake ni mazima.

Usifikiri sikuelewa kazi unayoiendea. Nimekusikiliza tangu barua yao ya kwanza ilipofika, na maswali yangu ya kijinga uliyajibu yote. Ulinieleza hapo jikoni, ukichora kwa kidole kwenye majivu: "Kule mu hiver, ile majira ya baridi, Maman, hewa ya baridi inabakia chini, haipande. Moshi ya motokari inabakia nayo. Usiku ile gaz ya moshi inakutana na chumvi, ile wanamwaga mu barabara ju barafu iyeyuke. Inazaa gaz ingine, yenye klori ndani. Inalala mu hewa usiku muzima. Asubui jua ikitoka, inaivunja, na ile klori inaanza kusumbua kila kitu."

Nikakuuliza, "Klori ni nini?"

"Ni ndugu ya Javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe."

"Na watu wanaivuta hiyo?"

"Iko kidogo sana, Maman. Kidogo sana sana."

"Kama iko kidogo, mbona mashine yake inajaza chumba?"

Ulicheka mpaka machozi. Ukasema ndiyo sababu mashine ni kubwa, ili ione kitu kidogo. Ukasema tena kwamba mashine ndiyo inavuta hewa, kwa mpira mrefu unaotoka juu ya paa, si wewe. Nikakuuliza nani anapanda kwenye paa kutazama kama mpira umeziba kwa barafu. Hapo ndipo ulipokumbuka kwamba una nguo za kuanua.

Na zile chupa. Ulisema kuna chupa za gesi yenyewe, ya naitrojeni na ya klori, za kuifundisha mashine ijue inachotafuta, na zinafunguliwa ndani ya kibanda kidogo kilichofungwa ili baridi isiingie. Uliyasema hayo kwa furaha, kama mtu anayeelezea nyumba mpya. Mimi nilisikia kibanda kilichofungwa, gesi ya moshi, na chumvi. Nikajua mwanangu anavuka mabara yote hayo kwenda kuingia tena katika chumba changu cha nyuma.

Najua kisa cha chumba hicho unakisimulia vizuri kuliko mimi. Uliwasimulia walipokuhoji, na wakakupenda kwa sababu yake: mtoto wa Kasongo aliyeona moshi wa rangi ya kahawia ukipanda kutoka kwenye bakuli la mama yake, akauliza kwa nini una rangi, na kumbe ule moshi ni wa ukoo mmoja na gesi wanayoipima wao. Ni kisa kizuri. Lakini wewe unakimalizia kwenye swali la mtoto, na mimi nilikuwepo mpaka mwisho. Acha nikusimulie kilichobaki. Baadhi yake unakijua na baadhi yake hukuweza kukijua, kwa sababu ulikuwa huoni wala husikii.

Wakati ule baba yako alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa upande wa Wamaza. Alikuwa akipita kwenye mashimo na pikipiki, anarudi na unga wa dhahabu uliochanganyika na madini mengine, na mimi ndiye niliyeusafisha hapa nyumbani, katika kile chumba cha nyuma, kwa asidi. Unaiweka dhahabu kwenye bakuli la kauri, unamwaga asidi, unalikalisha juu ya mbabula yenye makaa machache. Uchafu unayeyuka, moshi unapanda, dhahabu inabaki chini. Kila nyumba ya mnunuzi ilifanya hivyo, na kila nyumba ilifunga mlango na dirisha. Tulisema ni kwa ajili ya wezi. Kwa kweli ilikuwa pia kwa ajili ya majirani, kwa sababu jirani akiona moshi ule anajua leo kwako kumeingia mali, na kesho anakuja na shida zake. Tuliziba hata ufa wa chini ya mlango, kwa kitenge.

Na tulikuwa na maziwa. Huo ndio ujinga wetu mkubwa, na mpaka leo kuna watu hapa Kasongo wanaushikilia. Tuliamini kwamba ukinywa kikombe cha maziwa kabla ya kuingia, sumu ya asidi haikupati, inashikwa na maziwa tumboni na kutoka nayo. Kama vile moshi unaingia tumboni! Nilikuwa nanunua maziwa ya unga hata wakati hatukuwa na sabuni. Wewe ulikuwa darasa la tatu na uliyapenda maziwa yale kupita kiasi. Ulikuwa ukijitolea kupepea makaa ili upate kikombe chako. Nami nilikuwa nakupa kikombe, nakuangalia ukinywa mpaka tone la mwisho, naona nimekulinda. Niliona mimi ni mama mwangalifu sana.

Siku ile dhahabu haikutaka kung'aa. Ilibaki na weusi, na baba yako alikuwa ameahidi kuikabidhi kesho yake. Nikafikiria sufuria. Sufuria ikikataa kutakata naisugua kwa chumvi na majivu, inang'aa. Basi nikachukua chumvi ya jikoni, nikamwaga kiganja kizima ndani ya asidi iliyokuwa ikichemka.

Wewe leo ungeweza kuniandikia ubaoni kilichotokea. Mimi niliona tu maji yakibadilika yakawa ya manjano yenye wekundu kama mafuta ya mawese mabichi, moshi ukaja wa rangi nyingine, na harufu ya Javel ikanichoma puani. Kisha nikaona dhahabu inapungua. Inapungua machoni pangu, Sifa, inayeyuka kama sukari! Nikapiga magoti mbele ya bakuli, nikaanza kulia na kukoroga kwa kijiti. Ulikohoa. Nilikusikia. Nilikuambia, "Vumilia kidogo." Nililitazama bakuli na sikukutazama wewe, na ulikuwa karibu nami kiasi kwamba goti lako liligusa langu.

Tulipotoka ulikuwa mzima. Hilo ndilo lililonidanganya. Ulikohoa kidogo, ukanawa uso, ukaenda kuruka kamba. Nikasema maziwa yamefanya kazi. Jioni ulikula. Usiku ndipo ulipoanza kuhema, na nilipokushika mgongoni nikasikia ndani kama maji yanatokota. Baba yako alikuwa bado mashimoni na pikipiki yake, nami nilikubeba mgongoni mpaka hospitali kwa miguu, kwa sababu sikutaka kumwamsha jirani mwenye pikipiki, asije akauliza.

Muganga wa zamu aliuliza swali linalofanana na lile la Madame profesa.

"Mutoto alivuta nini?"

"Moshi ya jikoni," nikasema.

"Moshi ya nini?"

"Ya kuni tu, muganga. Na anakuwaka na malaria kila mara."

Alikutazama, akanitazama. Akaanza kukutibu malaria, kwa sababu mimi mama yako ndivyo nilivyomwambia. Nilikaa kwenye benchi nikimwona anakuchoma sindano ya ugonjwa usiokuwa wako, na nilinyamaza. Nilikuwa nafikiri wakijua tunasafisha dhahabu chumbani itakuwaje, nani atatuletea tena kazi, baba yako atasema nini kwa ile iliyoyeyuka. Yote hayo niliyafikiri wakati midomo yako inageuka rangi. Muganga akarudi, akachuchumaa mbele yangu, akasema polepole, "Mama, minaona unanificha kitu. Kama unanificha, miye nitapiganisha ugonjwa yenye haiko, na yenye iko itamubeba."

Nikamwambia. Asidi, makaa, chumvi, mlango uliofungwa, nikayatapika yote. Hakunikemea. Aliruka tu, akaita wenzake, wakakukalisha wima, wakakuwekea mashine ya hewa iliyokuwa chumba kingine muda wote ule. Ilikuwa pale pale, nyuma ya ukuta. Wangekuwekea tangu mwanzo kama ningefungua mdomo. Ulipona, lakini kifua kilichobaki ndicho hicho unachokificha ndani ya kiatu.

Ungefikiri baada ya hapo nilipata akili. Sikupata. Bakuli nililitoa nje, hilo kweli, na miaka iliyofuata wewe mwenyewe ulipokuja likizo ulimlazimisha baba yako ajenge bomba la mabati la kupandishia moshi, ukatembea kwa wanunuzi wengine kuwaambia wasimame upande upepo unakotoka. Nilijivuna sana kukuona ukiwafokea wanaume wenye mvi. Lakini ugonjwa wako niliendelea kuufunika. Masista walipouliza kwa nini hukimbii na wenzako, nilisema una mafua. Mama mmoja wa kwaya alipouliza, mafua. Na wewe nilikufundisha. Nilikuketisha hapo mlangoni nikakuambia, wakikuuliza sema ni mafua, kwa sababu msichana mwenye kifua kibovu watu wanamhesabu mgonjwa, hakuna anayemchukua kwa kazi wala kwa ndoa. Nilikufanya urudie mpaka ukalisema vizuri bila kusita.

Kwa hiyo uliposema hapana kwenye simu, bila kumeza mate, nilitambua sauti. Ilikuwa yangu. Ndiyo maana unga ulimwagika.

Nimezungumza na baba yako. Ulituuliza jana tunanong'ona nini, tukasema habari za mbuzi. Hatukuwa na mbuzi yeyote. Nilimwambia yote niliyoyasikia, akakohoa kile kikohozi chake.

"Ukisema, watamuachisha," akaniambia. "Mutoto ametafuta ile nafasi tangu zamani."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, ataenda."

"Ataenda na kifua gani, Baba Sifa?"

"Yeye ni mutu mukubwa sasa. Kifua ni yake."

"Kifua ni yake," nikamwambia, "lakini ile uongo iko yangu."

Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika lile bomba la mabati, analitikisa kama anataka kuona limelegea wapi. Anaogopa kama mimi, ila yeye woga wake anaupeleka kwenye mabati.

Na sasa nikuambie jambo ambalo litakuudhi. Namba ya Madame profesa ninayo. Niliinakili kutoka kwenye simu yako siku ile ulipoiacha ikichaji kwa jirani. Leo asubuhi niliiandika yote, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kupigia. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno yangu kwa Kifaransa. Kisha nikafikiri nitakuwa nimefanya nini. Nitakuwa nimeamua tena mbele yako bila kukutazama, kama vile wewe haupo. Nikaifuta. Sitampigia. Naapa kwa kaburi la mama yangu ambaye jina lake unalibeba.

Lakini sikubali uondoke na neno lile. Watu wale hawakujui. Wakiona unakohoa watasema ni baridi, mgeni hajazoea. Wakikukuta umekaa chini kwenye kile kibanda watakutafutia ugonjwa mwingine, wakati unachokihitaji kiko chumba cha pili. Hapa Kasongo nilikuwa mimi wa kusema, ingawa nilichelewa. Kule nani atasema? Moshi wangu angalau ulikuwa na rangi, mtu mwenye akili angeuona akakimbia. Ule wenu umesema mwenyewe hauonekani.

Naandika haraka sasa, nasikia watu wanapita njiani na kila mara nadhani ni wewe.

Najua unachoogopa. Unaogopa watasema asante sana, tumepata mwingine. Huenda wakasema hivyo, siwezi kukuahidi kwamba hawatasema. Na mimi nikuambie ukweli wangu, kwa sababu nimeanza na siwezi kuacha: wakisema usije, nitafurahi. Nitafurahi kukusikia unafungua mlango kila jioni, na nitaona haya kwa furaha hiyo, kwa sababu nimekuona ukisoma gesi kwenye mchoro wa ubaoni, miaka yote hiyo, bila kuigusa mashine yenyewe hata moja. Utalia, na mimi nitalia nawe, na machozi yangu nusu yatakuwa ya uongo. Usinitumainie sana katika hilo. Mtegemee baba yako.

Wakikupangia kazi nyingine, kama alivyosema Madame, vizuri. Wakisema njoo hivyo hivyo, utapanda kwenye paa lao na watu wanaojua wakushike wapi ukianguka. Hapo nitalala, si vizuri, lakini nitalala.

Yule kijana wa pikipiki atakayekupeleka Kindu, mlikuwa mmepatana aje alfajiri. Nimempigia simu na kumwambia asije mpaka jua liwe juu. Ndege haiondoki kesho, muda upo. Aliniuliza kuna shida gani, nikamwambia binti yangu ana kifua kibovu na lazima kwanza aongee na mkubwa wake wa kazi. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, pale barabarani, na mama wa mandazi akasikia, na wauza mafuta wakasikia, kwa hiyo kufika kesho mji mzima utakuwa unajua. Hakuna tena wa kumwambia mafua.

Basi asubuhi, tukishakunywa chai, simama kwenye kona ya nyumba na upige. Nitakuwa upande huu huu wa ukuta nawe, si ule mwingine. Mwambie kwa Kifaransa chako kizuri kwamba siku ile hukusema kweli. Sauti ikikukatika katikati, usikate simu. Nipe mimi, nitamweleza. Mimi ndiye niliyekuwepo.

Mama yako